Ufundi wa Kulipima Kosa

Miongoni mwa mada za hisabati zinazofundishwa mwishoni mwa sekondari katika Afrika Mashariki, ipo moja ambayo wanafunzi wengi huipita mbio kwa sababu huonekana kuwa ni kazi ya kujumlisha tu, nayo ni mada ya kukadiria eneo lililo chini ya mkunjo. Mkunjo ni mstari uliopinda, uliochorwa kwa fomula au kwa vipimo vilivyochukuliwa uwandani. Na eneo linalozingirwa na mkunjo huo, mstari wa msingi ulio chini yake na mipaka miwili ya pembeni, ndilo linaloitwa integrali yenye mipaka. Katika mtaala wa Kenya wa 8-4-4 mada hii hukutwa kidato cha nne, kwa kanuni ya trapeza na kanuni ya kimo cha kati, ilhali Tanzania huiacha hadi hisabati ya juu ya kidato cha tano na cha sita, ambako kanuni ya Simpson huongezwa. Kwa kuwa masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza pande zote mbili za mpaka, ufundi huu umeishi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili bila kupewa majina ya nyumbani, na pengine ndiyo maana haujawahi kusifiwa inavyostahili.

Kalkulasi ina njia yake ya mkato ya kupata eneo: hutafutwa fomula ya pili ambayo mwendo wa mabadiliko yake ni sawa na ile ya kwanza, mipaka miwili huingizwa humo, na jawabu moja hutolewa katika jingine. Njia hiyo ni nzuri mno, na uzuri wake umewadanganya wengi wakadhani kwamba makadirio ni kimbilio la asiyejua. Lakini katika miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alithibitisha kwamba zipo fomula za kawaida kabisa ambazo fomula ya pili ya namna hiyo haipatikani kwa alama zilizozoeleka, si kwa sababu haijagunduliwa bali kwa sababu haiwezekani kuwapo. Na mkunjo wa kengele, ambao takwimu nyingi za mitihani na vipimo vya afya huuegemea, ni mmojawapo. Kila namba iliyo katika jedwali la mkunjo huo, mwishoni mwa vitabu vya takwimu, imepatikana kwa kukadiria. Aidha, ukingo wa mto hauna fomula yoyote. Mpima ardhi anayetaka kujua ukubwa wa shamba linalopakana na mto hunyoosha mnyororo wake kando ya ukingo, hupima umbali kutoka mnyororo hadi majini kila baada ya hatua zilizo sawa, na kutokana na vipimo hivyo vichache hulazimika kusema neno juu ya ardhi yote iliyo katikati, ambayo hakuipima.

Ufundi huo ni mkongwe kuliko kalkulasi yenyewe. Vigae vya udongo vya Babeli, vilivyoandikwa kati ya mwaka 350 na 50 kabla ya Kristo na kufafanuliwa na Mathieu Ossendrijver mwaka 2016, vinaonyesha jinsi makuhani wa huko walivyoifuata sayari ya Mshtarii ilipokuwa ikipunguza mwendo kwa siku 60, kutoka dakika 12 za pembe kwa siku hadi dakika 9.5. Waliichukua kasi ya mwanzo na ya mwisho kama pande mbili sambamba za umbo la pande nne, wakapata wastani wa dakika 10.75, wakauzidisha kwa siku 60, na umbali wote ukawa nyuzi 10.75. Umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba ndilo trapeza. Hivyo mwanafunzi wa leo anayechora trapeza chini ya mkunjo wa kasi na muda anarudia kazi iliyofanywa kwa ncha ya mwanzi juu ya udongo mbichi, ingawa ni nadra kuambiwa hivyo.

Ulaya, ufundi huu ulipitia pipa la mvinyo. Johannes Kepler, alipooa mara ya pili mwaka 1613, alimwona mwuza mvinyo akitumbukiza fimbo kimshazari kupitia tundu la pipa na kutaja ujazo papo hapo, bila kujali umbo la pipa lenyewe, na jambo hilo likamkera kiasi cha kuandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1615. Kanuni iliyotokana na mapipa hayo ilikuja kubeba jina la Thomas Simpson, mwana wa mfumanguo wa Market Bosworth ambaye naye alifuma kabla ya kujifundisha hisabati mwenyewe, ingawa James Gregory na Isaac Newton walikuwa wameifahamu kabla yake. Simpson aliichapisha mwaka 1743. Mwanafunzi wake, Fredrik Henrik af Chapman wa Uswidi, aliichukua na kuipeleka kwenye usanifu wa meli, ambako maeneo ya mikato ya meli hupimwa kwa umbali ulio sawa kutoka tezi hadi omo, kisha hujumlishwa ili kupata ujazo wa maji yatakayosukumwa, ambao huonyesha uzito wa chombo pamoja na shehena yake. Huko, aliyekosea hesabu ya karatasini alikuja kukutana na kosa lake majini.

Uzuri wa ufundi wenyewe hauonekani bila tarakimu, kwa hiyo inafaa mfano mmoja ufuatwe kwa utulivu hadi mwisho. Uchukuliwe mkunjo ambao kimo chake mahali popote hupatikana kwa kugawa 4 kwa jumla ya 1 na mraba wa umbali kutoka mwanzo. Eneo lililo chini yake kati ya 0 na 1 linajulikana kuwa ni pai kamili, ile namba 3.141593 inayofungamanisha mzingo wa duara na kipenyo chake. Msingi hugawanywa kanda nne, kila ukanda ukiwa na upana wa 0.25, na vimo vitano husomwa: 4, 3.764706, 3.2, 2.56 na 2. Kanuni ya trapeza huunganisha ncha za vimo jirani kwa mistari iliyonyooka. Vimo viwili vya mipakani huhesabiwa nusu kwa sababu kila kimoja kinahudumia ukanda mmoja tu, vya ndani huhesabiwa vizima kwa sababu vinahudumia kanda mbili, na jumla huzidishwa kwa upana. Jawabu ni 3.131176, ambalo limepungua kwa takriban 0.0104.

Kanuni ya kimo cha kati hukataa kingo za kanda na kusimama katikati ya kila ukanda, ambako vimo vinne husomwa: 3.938462, 3.506849, 2.876404 na 2.265487. Jumla yake ikigawanywa kwa nne hutoa 3.146801, na mara hii jawabu limezidi, kwa takriban 0.0052. Hapa ndipo fundi anapotua kalamu na kutazama. Makosa hayo mawili yamesimama pande mbili za ukweli, moja chini na jingine juu, na la juu ni nusu ya la chini. Wala si sadfa ya mkunjo huu mmoja, kwa maana hivyo ndivyo kanuni hizi mbili zinavyokosea karibu kila mahali ambapo mkunjo umepinda kwa ulaini na kanda ni nyembamba vya kutosha. Basi sehemu moja ya jawabu la trapeza ikichanganywa na sehemu mbili za jawabu la kimo cha kati, na mchanganyiko ukagawanywa kwa tatu, kinachopatikana ni 3.141593. Majawabu mawili ambayo hakuna hata moja lililotimiza tarakimu tatu sahihi baada ya nukta yamekutana na kutoa sita.

Mchanganyiko huo ndio kanuni ya Simpson yenyewe, ambayo vitabu vya shule huiandika kama mizani ya moja, nne na moja: kimo cha mwanzo mara moja, cha katikati mara nne, cha mwisho mara moja, kisha jumla igawanywe kwa sita na kuzidishwa kwa upana. Mwanafunzi anayekariri moja, nne, moja bila kuambiwa zilikotoka amenyimwa kitu kikubwa, kwa sababu nne hiyo ni ushuhuda wa kimo cha kati uliopewa uzito maradufu baada ya kujulikana kuwa kosa lake ni nusu ya kosa la mwenzake. Njia nyingine ya kuifikia ni kupitisha parabola, yaani mkunjo wa daraja la pili, katika ncha tatu za vimo na kupima eneo lililo chini yake. Na hapo kanuni hutoa zaidi ya ilivyoahidi: ijapokuwa ilijengwa kwa mkunjo wa daraja la pili, haikosei hata chembe kwa mkunjo wa daraja la tatu, kwa kuwa kinachozidi upande mmoja wa katikati hupungua kwa kiasi kilekile upande wa pili.

Lakini siri ya ndani kabisa ya ufundi huu haipo katika kupata jawabu zuri. Mfano uliotangulia ulikuwa na pai mkononi. Penye ukingo wa mto hakuna pai ya kulinganisha nayo. Kanda zikiongezwa kutoka nne hadi nane, kanuni ya trapeza hutoa 3.138988, na mtu asiyejua ukweli bado anaweza kuona kwamba jawabu lake limesogea kwa 0.0078. Kwa kuwa inajulikana kwamba kuupunguza upana kwa nusu hupunguza kosa hadi robo, hatua hiyo moja ni robo tatu za kosa la kwanza, na kilichobaki ni theluthi ya hatua yenyewe, yaani 0.0026. Ndivyo lilivyo kosa la kweli la kanda nane. Mtu amelipima kosa lake bila kuujua ukweli, kwa kuifanya kazi mara mbili na kuyasikiliza majawabu yanavyotofautiana.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliifanya siri hiyo kuwa desturi. Mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akikokotoa mikazo ndani ya bwawa la mawe, aliwalipa vijana wa kukokotoa kulingana na idadi ya tarakimu walizoandika, na hesabu zilizokosewa hazikulipwa. Kisha, akiwa ameligawa bwawa kwa wavu wa hesabu, akalinganisha majawabu ya wavu mpana na ya wavu mwembamba ili kukisia jawabu la wavu usio na upana kabisa. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, na ndani yake akaweka utabiri wake mwenyewe uliosema kwamba kanieneo ya hewa ingepanda kwa hektopaskali 145 kwa saa sita, mahali ambapo kwa kweli haikubadilika sana. Hakuuficha. Aliuchapisha tarakimu kwa tarakimu, akajadili kilichouharibu, na waliokuja baada yake wakaanzia hapo.

Ni vigumu kusema desturi hiyo imepotelea wapi. Kikokotoo cha leo hutoa integrali kwa kubonyezwa kitufe, kikiandika tarakimu kumi, na ndani yake kanda hupunguzwa na kulinganishwa kwa njia iliyo ndugu na ya Richardson. Lakini ulinganisho huo haufiki machoni pa anayebonyeza, ambaye hupewa tarakimu bila kupewa mashaka yake. Hata wahandisi wakubwa wamelipia mazoea hayo. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la gesi liitwalo Sleipner A ulikuwa ukizamishwa kwa majaribio huko Gandsfjord, karibu na Stavanger nchini Norwei, ukuta wake mmoja ukapasuka katika kina cha mita 65 hivi na msingi wote ukaenda chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba, pamoja na nondo zilizokuwa fupi mno, wavu wa hesabu za kompyuta mahali penye viungo ulikuwa mpana kupita kiasi, kwa hiyo nguvu ya mkato, yaani nguvu inayotaka kuukata ukuta kama mkasi, ilikadiriwa chini kwa asilimia 47. Hesabu za uangalifu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa ukuta ungevunjika katika kina cha mita 62. Na wahandisi walioachiwa kusanifu msingi wa pili, wakati kompyuta bado iko chini ya tuhuma, walirudi kwenye mbinu za mkono za zama za rula ya kukokotolea, wakamaliza sehemu kubwa ya kazi kabla majawabu mapya ya mashine hayajawafikia.

Kwenye karatasi za mitihani za Kenya, swali la eneo chini ya mkunjo mara nyingi huishia kwa kipengele kinachotaka asilimia ya kosa. Mwanafunzi hukokotoa eneo kwa trapeza, hulikokotoa tena kwa integrali kamili, hutoa moja katika jingine, hugawanya, huzidisha kwa 100, hupata alama zake mbili au tatu na kufungua ukurasa unaofuata. Mkunjo wa swali huchaguliwa ili uwe na jawabu kamili, vinginevyo msahihishaji hangekuwa na cha kulinganisha. Kwa hiyo vijana humaliza shule wakiwa wamelipima kosa pale tu ambapo ukweli ulikuwa umekwisha kuandikwa katika karatasi ya majibu, na pale ambapo mnyororo umelala kando ya mto na majani yameufunika ukingo, hakuna anayewaambia warudi mwanzo wa mnyororo, waugawe tena kwa hatua nusu ya zile za kwanza, na wapime upya.