Norman Rockwell: Mchoraji wa Ujira na Majirani Zake

Wako wanaodhani kwamba mchoraji apokeaye ujira wa magazeti si msanii kamili, kwa kuwa mkono wake hufuata matakwa ya mwenye fedha. Maisha ya Norman Rockwell, aliyezaliwa New York mwaka 1894 na kufariki mwaka 1978, yafaa kuipima dhana hiyo. Hukumu ya haki haiutazami ujira peke yake. Hutazama pia ni nani aliyekaribishwa ndani ya picha na ni nani aliyeachwa nje.

Jalada lake la kwanza katika Saturday Evening Post lilitoka mwaka 1916, naye ana umri wa miaka 22. Kwa muda wa miaka 47 alilichorea gazeti hilo majalada zaidi ya 300. Alipohamia Arlington, Vermont, mwaka 1939, na baadaye Stockbridge, Massachusetts, mwaka 1953, aliwaita majirani zake wamkalie ili awachore. Mwaka 1943 nyuso hizo za kijijini zilibeba picha nne za uhuru, zilizotokana na hotuba ya Rais Roosevelt ya mwaka 1941. Katika ile ya uhuru wa kusema, mtu wa kazi aliyevaa koti kuukuu amesimama mkutanoni, na wenye tai wanamsikiliza. Maonyesho ya picha hizo yalisaidia kuuza hati za mkopo wa vita zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 130. Hapo kazi ya ujira ilitumikia umma.

Lakini ujirani huo ulikuwa na ukuta. Rockwell mwenyewe alieleza baadaye kwamba gazeti lilimwagiza asiwaonyeshe Wamarekani weusi ila katika kazi za utumishi. Jalada lake moja la mwaka 1946 ni ushahidi: katika behewa la chakula mvulana anasumbuka na hesabu ya malipo, na mtu mweusi anamtazama kwa upole. Uso wake umechorwa kwa heshima, walakini yeye ni mhudumu. Ustadi haukupungua, kilichopungua ni nafasi. Wala mchoraji hawezi kuepushwa na lawama yote, maana aliukubali mpaka huo kwa miongo mingi.

Aliachana na gazeti hilo mwaka 1963. Tarehe 14 Januari 1964 gazeti la Look lilitoa picha yake ya msichana mweusi akienda shuleni kati ya maofisa wanne wa serikali kuu. Asili yake ni Ruby Bridges, aliyeingia shule ya wazungu watupu huko New Orleans mwaka 1960, naye ana miaka sita. Vichwa vya maofisa vimekatwa na ukingo wa picha. Uso unaoonekana ni wa mtoto tu. Ukutani pana tusi la rangi na alama ya nyanya iliyorushwa. Aliyekaa ili achorwe alikuwa mtoto wa Stockbridge. Njia ni ile ile ya Arlington, yaani kumwita jirani. Kilichobadilika ni upana wa mlango.

Basi ujira haukuuziba ukweli wa mkono wa Rockwell. Uliuchelewesha, na yeye alikubali ucheleweshwe. Picha ya mwaka 1964 ni njema, lakini haifuti deni la walioachwa nje ya majalada yale mengi.