Miguu Inayobeba Chemko

Stendi ya Bomang'ombe, upande wa njia panda ya Sanya Juu, yupo fundi redio ambaye kila spika akimaliza kuitengeneza huijaribu kwa wimbo mmoja tu: "Loi" wa Koffi Olomidé, wa mwaka 1997. Haurukishi. Anauacha uende taratibu, ile sauti nzito inong'one mpaka ichoke, na chemko, ile sehemu ya kunengulia, linapoingia anainamisha sikio. Gitaa la solo analisikia, la pili analisikia, ridhimu ipo. Besi ikikoroma, anachukua bisibisi na kufungua upya.

Nampenda fundi huyu kwa sababu anajua chemko si kelele. Solo hurudia kipande kifupi, tena na tena, mpaka msikilizaji adhani hakuna jipya. Kumbe ridhimu imeshasogea kidogo chini yake. Rapa anatupa neno, drams zinalipokea, na hapohapo wanenguaji wanabadili mtindo, wote pamoja, bila kuangaliana. Mnenguaji hasubiri kuambiwa. Anazijua drams kabla hazijagonga, anajua lini rapa atavuta pumzi, na kiuno chake ndicho kinachomwonyesha mpiga solo kama arudie au aachie. Ukiitazama video ya onyesho la Koffi ukumbi wa Bercy, Paris, mwaka 2000, ukazima sauti, bado utausikia wimbo. Ufundi huo hutokana na miaka ya mazoezi, magoti yakivimba.

Koffi, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1956, aliijenga bendi yake ya Quartier Latin kuanzia 1986. Ferre Gola na Fally Ipupa walipitia humo. Sifa hiyo haimwondokei.

Lakini tarehe 22 Julai 2016, katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kamera zilimnasa akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake. Kenya ilimkamata na kesho yake ikamfukuza. Kwanza alikana, baadaye akaomba radhi. Miaka minne kabla, mahakama ya Kinshasa ilikuwa imempa kifungo cha nje cha miezi mitatu kwa kumpiga mtayarishaji wake wa muziki. Huko Ufaransa, mwaka 2019 alitiwa hatiani kwa kosa la ngono dhidi ya mnenguaji aliyekuwa binti wa miaka 15. Desemba 2021 Mahakama ya Rufani ya Versailles ilimfutia mashtaka ya ngono, ila ikamhukumu kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kuwafungia wanenguaji wanne bila hiari yao.

Wapenzi wa rumba hupenda kusema: mtu mbali, kazi yake mbali. Kwa mshairi anayeandika peke yake chumbani, neno hilo huenda likasemeka. Kwa chemko, hapana. Mguu ule uligonga mwili uleule uliokuwa ukibeba wimbo. Anayeusifu muziki wa Koffi amekwisha kuwasifu wanenguaji, atake asitake. Hawezi kugeuka na kusema maumivu yao ni mambo ya nyumbani kwa mwenye bendi. Mimi "Loi" bado naisikiliza. Nikiisikiliza, niko upande wa wale waliofungiwa.

Kinachoniuma ni wepesi wetu wa kusahau. Zamani, bendi ya Maquis du Zaire na mwanamuziki Remmy Ongala walipotamba Dar es Salaam, shabiki wa Moshi alijua nani anapiga solo na nani anapiga besi. Enzi za bendi ya Twanga Pepeta, wanenguaji walikuwa na majina yao na mashabiki wao. Siku hizi msanii anapanda jukwaani na plebeki, nyuma yake wasichana wanne wasiotambulishwa, na onyesho likiisha hakuna anayeuliza wamelipwa nini wala wanalala wapi. Mwaka 2020, hukumu ya kwanza ya Ufaransa ikiwa imeshatoka, Koffi na Diamond Platnumz walitoa "Waah!" nasi tukaicheza mpaka kwenye harusi za Machame. Mnenguaji aliyepigwa teke Nairobi hakutajwa.

Watangazaji wa redio, wenye kumbi, kamati za harusi: mkiwaita wanenguaji, watangazeni kwa majina kama mnavyomtangaza mwimbaji, na muwalipe wenyewe mkononi, si kupitia kwa bosi wao.