Mguu Ulipokuwa Mtunzi

Mpiga tumba mzee niliyemtazama majuzi kwenye harusi moja Temeke hakuwa akiangalia tumba zake. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya watu. Mwimbaji akiwa bado kwenye beti, yeye alipapasa ngozi taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Kina mama walipoanza kuvua viatu, alimtupia jicho mpiga solo, na bendi nzima ikaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza bila maneno.

Ujuzi huo ndio uliozaa vibao vya dansi la Tanzania. Tunasifu sauti na tungo, navyo vinastahili sifa, lakini bendi zilijulikana kwa mitindo yao ya kucheza. Western Jazz walikuwa na Saboso. Mbaraka Mwinshehe alitamba na Likembe akiwa Morogoro Jazz, kisha akaja na Masika katika Super Volcano. Maquis walileta Kamanyola, baadaye Ogelea Piga Mbizi. Kabla ya hapo tuliazima rumba na chacha za Cuba, na Salum Abdallah hata bendi yake ya Morogoro aliiita Cuban Marimba.

Kilele, kwangu mimi, ni Sikinde, mtindo wa bendi ya Mlimani Park. Bendi hiyo ilipoanza mwaka 1978, mwimbaji wake Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa ametoka bendi ya JUWATA, nyumbani kwa mtindo wa Msondo. Hakuweza kuondoka na Msondo. Mlimani Park wakachukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, na ngoma hiyo ikaupa wimbo umbo. Beti zilikwenda polepole: mke kaachwa, rafiki kasaliti, watu wamekaa na chupa zao wakisikiliza ujumbe. Kisha maneno yanakwisha. Tarumbeta na saksafoni zinajibizana na magitaa, besi inashuka kiunoni, tumba zinatawala. Aliyekuwa akilia kwa ajili ya yule mke sasa anamchezea! Mtunzi alijua tangu mwanzo kwamba kisa chake lazima kifike hapo, kwa hiyo alikipima. Ubeti mmoja wa ziada, na ukumbi ungepoa. Ndiyo maana Gurumo alipohamia Safari Sound mwaka 1985, sauti ilikuwa ileile lakini mtindo ukawa mwingine, Ndekule, na mashabiki wakaanza kujifunza upya.

Redio Tanzania ilirekodi nyimbo hizo pamoja na chemko lake, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni. Hakuna aliyeona dakika hizo bila maneno kuwa za kupoteza.

Leo pia kuna michezo inayobeba nyimbo, tena kwa kasi kubwa. Kijana anabuni hatua mbili mbele ya simu, wimbo unavuma, mwezi ukiisha umesahaulika pamoja na hatua zake. Simlaumu anayecheza. Namlaumu mtayarishaji anayekata wimbo pale tu mwili unapopata moto, halafu anaweka mdundo wa kompyuta ambao haumwoni mchezaji wala haumngojei.

Wapigaji tumba wa enzi ile wamebaki wachache, na wengine wanaishi kwa kazi za harusi. Nawaomba vijana wenye studio: mwiteni mmoja wao kwenye rekodi yenu ijayo, mlipeni vizuri, na chemko lake msilikate.