Jimbo, Mchujo na Kinyang'anyiro: Kitabu cha Kampeni Mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

Vitabu vya waandishi wa habari juu ya kampeni za uchaguzi ni haba katika Kiswahili. Tunazo taarifa za tume, tunazo hotuba za viongozi, na zipo tafiti za wanachuo zilizoandikwa kwa Kiingereza juu ya uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 1965 na ule wa 1970. Lakini kitabu cha mwandishi aliyeandamana na wagombea kutoka mkutano hadi mkutano, akasikia yanayosemwa jukwaani na yanayosemwa chini ya jukwaa, ni adimu. Mfasiri anayetaka kuwapa wasomaji wetu mfano wa kazi ya namna hiyo hana budi kutazama nje.

Mfano mmoja unaofaa ni kitabu kiitwacho The Earl of Louisiana, cha mwandishi wa Marekani A. J. Liebling, kilichochapishwa mwaka 1961. Makala haya yanakusudia kukihakiki kitabu hicho kwa jicho la istilahi: je, maneno ya uchaguzi tuliyo nayo yanatosha kukibeba hadi kwa msomaji wa Kiswahili, na yanambebea habari ile ile au nyingine?

Yaliyomo na thamani yake

Liebling alikuwa mwandishi wa jarida la The New Yorker, na alijulikana pia kwa kuwahakiki waandishi wenzake. Mwaka 1959 alikwenda Louisiana kuandika habari za Earl Long, gavana wa huko, ndugu yake Huey Long aliyeuawa mwaka 1935. Mwezi Mei mwaka huo Earl Long aliwashambulia hadharani, mbele ya wabunge, wale waliotaka kuwafuta Wamarekani weusi katika daftari la wapiga kura. Papo hapo akaonekana ameishiwa nguvu na kupoteza utulivu. Jamaa zake wakampeleka hospitali ya magonjwa ya akili, kwanza Texas, kisha huko huko Louisiana. Akiwa bado gavana, aliwaondoa kazini waliomzuia, akatoka.

Magazeti mengi ya nje yalimchora kama kichaa na kichekesho. Liebling naye alifika akiwa na picha hiyo hiyo, lakini aliposikiliza zaidi aliiacha. Alimwona mwanasiasa hodari aliyejua hesabu za kura, na ambaye katika suala la haki za watu weusi aliwapita wengi waliojiita wastaarabu. Badiliko hilo la maoni ndilo uti wa mgongo wa kitabu.

Kasoro hazikosi. Mwandishi anapenda mno kuacha njia akaeleza vyakula na mbio za farasi. Tena mapenzi yake kwa Earl Long yanawanyima wagombea wengine nafasi, hata sura za mwisho zinapungua nguvu mara bwana huyo anapotoka mbele. Lakini masikio ya Liebling ni makali. Anaonyesha kwamba neno la mwanasiasa haliwezi kutenganishwa na mahali liliposemwa na watu walioambiwa, na somo hilo linamhusu mfasiri wetu moja kwa moja.

Tatizo linaanzia kwenye jina la kitabu. Earl ni jina la mtu, na pia ni cheo cha kikabaila cha Kiingereza. Kiswahili kinalo neno lenye tabia hiyo hiyo, yaani Mwinyi, ambalo ni cheo cha kale cha pwani na pia jina la mtu. Lakini msomaji wa Tanzania akiona Mwinyi wa Louisiana atawakumbuka marais, wala si gavana wa Marekani. Heri jina libaki Earl, na mzaha ule uelezwe katika dibaji.

Neno jimbo

Uchaguzi anaousimulia Liebling si wa taifa zima la Marekani bali wa sehemu moja katika muungano wake. Sehemu hiyo kwa Kiswahili tumezoea kuiita jimbo. Tumchukue basi msomaji wa Kawetele, hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Akisoma maneno "uchaguzi wa jimbo", ataelewa nini?

Kwanza ataelewa uchaguzi wa mbunge, maana katika Tanzania jimbo ni eneo linalotoa mbunge mmoja. Pili, ikiwa ni Mmoravian, huenda akaelewa uchaguzi wa viongozi wa kanisa lake, kwa kuwa Kanisa la Moravian, lililofika Rungwe mwaka 1891, limegawanywa katika majimbo, na hapa tupo katika Jimbo la Kusini. Mkatoliki naye kwa neno hilo hufahamu eneo la askofu. Tatu, mzee aliyesoma zamani atakumbuka Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la wakati wa Waingereza, kabla majimbo hayajavunjwa na kuwa mikoa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Maana ya Liebling itakuja ya nne, kama itakuja.

Tukivuka mipaka mambo yanazidi. Nchini Kenya neno majimbo lilikuwa hoja ya chama cha KADU mwaka 1963, na tangu hapo limebaki na harufu ya mabishano ya kisiasa; eneo la mbunge huko huitwa eneo bunge. Katika Kongo jimbo ni mgawanyo mkubwa wa nchi wenye gavana wake, na tangu mwaka 2015 majimbo hayo ni 26. Msomaji wa Goma basi atamwelewa Liebling upesi kuliko msomaji wa Tukuyu.

Je, tutafute neno jipya? Sioni haja. Neno dola lina maana mbili tayari, yaani mamlaka ya nchi na fedha ya Marekani, na katika kitabu cha siasa za Marekani zote mbili zitakutana katika ukurasa mmoja. Linalofaa ni kulipa neno jimbo wenzake. Tuseme "jimbo la Louisiana" kila mara, na "uchaguzi wa serikali ya jimbo la Louisiana". Na eneo la mbunge tuliite kwa ukamilifu "jimbo la uchaguzi". Neno peke yake halikosi kuwa na utata. Utata huo huondolewa na maneno yanayoliandama.

Gavana nalo lahitaji uangalifu. Kwa Mtanzania gavana ni mkuu wa Benki Kuu, au mtawala wa kikoloni. Kwa Mkenya, tangu uchaguzi wa 2013, ni mkuu wa kaunti. Louisiana nayo imegawanywa katika sehemu 64 ambazo jina lake la Kiingereza ni lile lile la parokia, kwa sababu ya historia ya Ukatoliki huko. Tukiandika parokia, msomaji atamtafuta padri. Tukiandika kaunti, Mkenya atauliza mbona kaunti zote hizo zina gavana mmoja. Napendekeza wilaya, pamoja na maelezo mara ya kwanza kwamba viongozi wa wilaya hizo huchaguliwa, hawateuliwi kama wakuu wa wilaya wa kwetu.

Mchujo, duru ya pili na marudio

Katika Louisiana ya wakati ule chama cha Democratic kilitawala bila mshindani wa maana. Kwa hiyo uamuzi wa kweli ulifanyika ndani ya chama, mwezi Desemba 1959, na tena Januari 1960, pale deLesseps Morrison, meya wa New Orleans, aliposhindwa na Jimmie Davis, mwimbaji aliyekwisha kuwa gavana zamani. Earl Long, ambaye katiba ilimzuia kushika ugavana vipindi viwili mfululizo, aligombea unaibu gavana akashindwa, na mwezi Septemba 1960 akafariki.

Mfasiri wa Tanzania atavutwa kuandika "kura za maoni" kwa ule uchaguzi wa ndani ya chama, kama tusemavyo juu ya uteuzi wa wagombea wa CCM. Lakini "kura za maoni" huitwa pia uchunguzi wa mitazamo ya watu, na "kura ya maoni" ni ile ya wananchi wote kuamua jambo, kama zilivyopigwa Zanzibar na Kenya mwaka 2010. Tofauti ya silabi moja, ya na za, ni uzi mwembamba mno kutundikia maana tatu. Wakenya hutumia mchujo. Neno hili ni zuri: linatoka katika kitendo kinachojulikana jikoni, na linaonyesha kazi yenyewe. Tulikubali.

Kura ya Januari 1960 iitwe duru ya pili, wala isiitwe marudio. Marudio ni uchaguzi unaopigwa upya kwa kuwa wa kwanza umefutwa, kama ilivyokuwa Zanzibar tarehe 20 Machi 2016. Anayechanganya maneno haya mawili anadai, bila kujua, kwamba kura za Desemba 1959 zilibatilishwa.

Maneno yanayohukumu

Ugumu mkubwa zaidi haumo katika majina ya vyeo bali katika vitenzi. Kwa Kiingereza mwandishi wa habari husemwa kwamba "anaufunika" uchaguzi. Kwa Kiswahili, aliyefunika ameficha. Tuseme anafuatilia, au anaandika habari za uchaguzi.

Na mgombea je? Asili yake ni kugomba. Anayejinadi ametoka mnadani. Kinyang'anyiro, neno lipendwalo na magazeti, limetoka katika kunyang'anya. Ugomvi, biashara na unyang'anyi: haya ndiyo matatu tuliyowapa waandishi wetu. Mgombea limekwisha kuzoeleka na kusafishwa na sheria, nalo halina madhara. Lakini kila tunapoita uchaguzi kinyang'anyiro tunamwambia mpiga kura kwamba kiti ni mali ya atakayekipora, naye ni mtazamaji tu. Liebling anapotumia lugha ya mashindano, anajua kwamba anafanya mzaha. Mfasiri asiutie mzaha huo katika habari za kawaida.

Upande wa pili lipo neno linalopamba. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Takrima ni neno la heshima na ukaribishaji. Kwa miaka sita liliweza kulisitiri tendo ambalo wengi wangeliita rushwa. Siasa za Louisiana zimejaa fadhila za namna hiyo. Mfasiri achague kila mara: anayesema ni mtoaji, mpokeaji au mwandishi? Mtoaji aweza kusema takrima, lakini mwandishi asimwige.

Fundisho la mwaka 1965

Tanzania ina akiba yake katika jambo hili. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wanachama wawili wa TANU walishindana katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba. Chama kiliandaa mikutano ya pamoja. Ilikatazwa kuchochea ukabila, rangi au dini, na lugha ya jukwaani ilikuwa Kiswahili peke yake. Hapa Rungwe, ambako lugha ya nyumbani ni Kinyakyusa, mgombea alilazimika kuyatafuta maneno ya siasa katika Kiswahili. Ushindani ule wa ndani ya chama kimoja ulikuwa wa kweli, hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akashindwa. Msomaji anayeyakumbuka hayo hatashangaa kwamba mchujo wa Louisiana ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe.

Sharti lile latufundisha pia namna ya kutafsiri usemi wa kishamba wa Earl Long. Mfasiri asimpe lafudhi ya kabila lolote, kwani atawachekesha wasomaji kwa gharama ya wenzao. Ampe sentensi fupi, mafumbo na kejeli, vitu ambavyo kila mkutano wa hadhara unavijua.

Kwa ufupi, orodha ya istilahi ni mwanzo wa kazi tu. Mwalimu wa uraia anayefundisha jimbo, karani anayebandika tangazo la kura, na mfasiri wa kitabu kama hiki, wote watatu wanashughulika na jambo moja: mtu anayesoma aelewe nani anachaguliwa, na nani, kwa utaratibu gani. Neno lisilompa mambo hayo matatu lirudishwe mezani, hata kama limekwisha kuchapwa.

Kawetele, Tukuyu