Theluji Isiyopakwa Rangi

Mwaka 1925 Kawase Hasui, msanii wa Kijapani wa chapa za mbao, alichora mwanamke akipita na mwavuli mbele ya hekalu la Zōjōji, Tokyo, theluji ikimpiga. Nyuma yake jengo ni jekundu kweli. Theluji iliyolemea matawi ya msonobari haikupakwa kitu: ni weupe wa karatasi, mchongaji alipoondoa mbao.

Mchongaji huyo hakuwa Hasui. Yeye alichora, Watanabe Shōzaburō, mchapishaji, akagharimia na kusimamia, mafundi wengine wakachonga mbao za mcheri, wengine wakapiga chapa. Basi usitafute “picha halisi” iliyofichwa mahali. Halisi ni hizo chapa zenyewe.

Karatasi hutengenezwa kwa gome la kozo, jamii ya mforosadi, ikapakwa gundi na shabu ili rangi isitambae. Hulowanishwa, hulazwa juu ya ubao ikikaa kwenye alama mbili zilizochongwa ukingoni, kisha husuguliwa mgongoni kwa baren, kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Ukija ubao wa rangi nyingine, alama zile zile huirudisha karatasi palepale. Ikihama kidogo tu, kazi imeharibika.

Kinachonishangaza zaidi ni bokashi, ile anga ya buluu nzito inayofifia hadi kuyeyuka. Hakuna mchongo unaomwongoza mpiga chapa hapo. Hulowesha ubao, hutia rangi upande mmoja wa brashi, huvuta, na maji humalizia. Kisha arudie vilevile kwenye karatasi ya pili, na ya hamsini. Jina lake mara nyingi halimo kwenye picha, nami naona ni dhuluma.

Chapa za awali za Hasui ni ghali. Steve Jobs alikuwa miongoni mwa waliozikusanya. Lakini kampuni ya Watanabe iliendelea kupiga chapa za kazi zake hata baada ya kifo chake mwaka 1957, kwa ufundi uleule wa mkono, na hizo za baadaye huuzwa kwa bei nafuu zaidi. Si za bandia. Katika enzi za Edo, kabla ya Hasui, sanaa hii ilikuwa ya watu wa kawaida, chapa moja ikikaribia bei ya bakuli la tambi.

Ukitaka kununua, uliza muhuri wa mchapishaji, maana husaidia kukadiria umri. Geuza karatasi: ya mkono huonyesha rangi iliyopenya na nyayo za baren. Ya mashine, chini ya lenzi, ni vitone vitupu. Ukishainunua, usiibandike kwa gundi wala usiitundike juani.