Kuthamini na Kuburudika: Nafasi ya Juhudi katika Uhakiki wa Taarab Asilia ya Zanzibar

Katika uhakiki wa taarab, kuthamini na kuburudika huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo moja. Utendaji wenyewe unaitilia shaka dhana hiyo. Katika taarab asilia ya Zanzibar, inayoendelezwa na vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, msikilizaji aliyeguswa huinuka na kumtuza mwimbaji. Tuzo hiyo huonesha kwamba maneno yamemgusa. Haipimi kazi ya mpiga kanuni, ambaye nyuzi za ala yake hupangwa tatu tatu kwa kila sauti, na zote hupaswa kulinganishwa kabla ya onesho. Hadhira iliyoburudika huenda isijue kwamba kazi hiyo ilifanyika.

Kinyume chake, mpiga kanuni mwingine huitambua kazi hiyo hata pale wimbo usipompendeza. Anachokitumia ni ujuzi, si raha. Hivyo basi, kuthamini juhudi hakuhitaji kuburudika; kunahitaji kujua kilicho kigumu na kukisikiliza kwa makini.

Hata hivyo, hoja hii ina mpaka. Ugumu wa kazi peke yake haufanyi wimbo kuwa bora. Mhakiki anayeisifu taarab asilia kwa ugumu wake tu, huku akiibeza taarab ya kisasa kwa sababu ya kinanda cha umeme, bado hajahakiki wimbo wowote. Juhudi, ufanisi na mguso ni maswali matatu, na jibu la moja haliwezi kusimama badala ya jingine.