Risasi Tawini, Kioo kwenye Nyuzi

Fundi anayesimamisha ukuta mjini Tabora hutundika timazi, akakaa kimya akisubiri uzito uache kuyumba. Kazi yote ya siku ile hutegemea uzi huo mmoja. Wapo waliofichua siri kubwa zaidi kwa ufundi wa namna hiyo, na wawili kati yao walipita hapo hapo Unyanyembe, eneo la Tabora.

Novemba 1857 msafara wa wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke uliingia Kaze, kituo cha biashara jirani na Tabora ya leo, baada ya zaidi ya miezi minne tangu kuiacha pwani. Mkalimani wao, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa pamoja nao, na mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani. Vyombo vya kupimia nyota vilikuwa vimebebwa na wapagazi, pori kwa pori.

Walitaka kujua wamefika umbali gani magharibi. Kwa hilo zahitajika saa mbili: ya mahali ulipo na ya Greenwich. Ya kwanza hupatikana kwa kupima kimo cha nyota. Ya pili husomwa mwezini, kwa kuwa mwezi husogea mbele ya nyota kama nusu digrii kila saa, na majedwali huonyesha umbali wake na nyota fulani kwa saa za Greenwich. Ukikosea umbali huo kwa sehemu moja tu ya sitini ya digrii, Kaze inahama kilomita 55 hivi kwenye ramani.

Vipimo hivyo viwili havichukuliwi kwa pamoja. Dakika kadhaa hupita katikati, na lazima zihesabiwe. Saa zao zikawa zimeharibika moja baada ya nyingine.

Ili kuzihesabu dakika hizo wakajitengenezea timazi la kubembea: wakapasua risasi ya wakia nne, wakapitisha uzi katikati, wakaigonga nyundo mpaka vipande vikashikana. Uzi ukapimwa inchi 39 kutoka pa kuning'inia hadi kati ya risasi. Ncha ya juu wakaifunga kwenye tupa ya pembe tatu, na tupa ikafungwa imara kwenye tawi la mti, mahali penye kinga ya upepo. Kila mbembeo, sekunde moja.

Inchi hizo 39 zinapendeza kuzikagua. London, timazi la sekunde moja huhitaji inchi 39.14. Karibu na ikweta, kwenye nyanda zenye kimo cha mita 1,200 kama Tabora, mvutano wa dunia umepungua kidogo, na hesabu inatoa inchi 39 kamili. Lakini ustadi wenyewe umo kwenye tupa. Ukingo wake mkali unagusa kidogo sana, kwa hiyo msuguano ni mdogo na mbembeo haufi upesi. Pale uzito unaponing'inia ndipo kipimo kinapopona au kuharibika.

Tatizo hilo hilo liliwakabili wanafizikia wa LIGO huko Marekani, waliokuwa wakitafuta mawimbi ya mvutano yanayotoka kwenye mashimo meusi yanapogongana. Mtambo wao hupima kwa mwanga wa leza urefu wa mikono miwili ya kilomita nne kila mmoja, na vioo vya mwishoni vinatakiwa vitulie kuliko ardhi inavyoweza kutulia. Ndiyo maana vikatundikwa. Mtu ajaribu na jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita moja: akisogeza mkono taratibu, jiwe linafuata, akiutikisa haraka haraka, mkono unahangaika na jiwe linabaki karibu palepale.

Mtambo wa kwanza, uliofanya kazi tangu 2002 hadi 2010, ulitundika vioo kwa waya wa chuma na haukunasa wimbi lolote. Chuma kina msuguano wa ndani, na msuguano huo hukitetemesha kioo. Katika mtambo mpya kila kioo kina kilo 40, kiko chini ya timazi la ngazi nne, kikishikwa na nyuzi nne za kioo safi zenye unene wa milimita 0.4 tu. Ufundi wa nyuzi hizo ulikuzwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Nyuzi zimeunganishwa kwa kuyeyushwa, bila kibano wala fundo. Kuondoa kibano ni wazo lile lile la ukingo wa tupa, limefikishwa mwisho wake.

Septemba 14, 2015 vioo vya kituo cha LIGO cha Livingston, Louisiana, vilisogea kwa kiasi kilicho kidogo mara mia kadhaa kuliko protoni. Milisekunde saba baadaye vikasogea vya kituo cha pili, Hanford, umbali wa kilomita 3,000. Mashimo meusi mawili, yenye uzito wa jua mara 36 na mara 29 hivi, yalikuwa yameungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ishara nzima ilidumu sehemu ya tano ya sekunde, na kwa muda huo risasi ya tawini isingefika hata nusu ya mbembeo mmoja.